Mistari ya Kavira

Siku bariyeri ndogo ilipofungwa
mama yao alikuwa ng'ambo, Gisenyi.
Alivuka alfajiri na furushi la vitenge, arudi na nyanya.
Jioni akapiga simu: "Wamefunga. Nalala kwa Mama Nyota.
Nywele za Kavira zina wiki mbili. Zifumue."

Zifumue.
Mimi fundi wa chukudu. Mikono hii inajua tezo,
inajua kuchonga usukani uinuke kama pembe za fahali,
inajua kukaza mpira wa tairi kwenye gurudumu la mti.
Kichwa cha mtoto wa miaka saba utakishika wapi?

Siku ya kwanza alilia yeye.
Siku ya pili nililia mimi, nyuma ya mbao.

Ndoo ya klorini mlangoni haikuwa ngeni kwetu.
Ile homa ya kutoka Beni ilikwisha kutufunza.
Katoyi yote ilijua kunawa
kuliko ilivyojua kushiba.
Lakini ugonjwa huu ulileta kisichowahi kuonekana:
baba wa nyumba, ndani ya nyumba, saa nne asubuhi.
Nani anunue chukudu wakati mizigo imelala?
Muhindo, miaka minne, alinitazama siku tatu nzima,
kisha akaniuliza kwa heshima:
"Papa, wewe unarudi kwako saa ngapi?"

Nilijifunza kwamba hali fufu isipoviringwa.
Nilijifunza kwamba usiku hunyonya ncha ya kitenge cha mama yake
na kile cha pili, kilichofuliwa, hakitaki.
Shule ya Kavira ilikuja kwa redio,
betri zikafa katikati ya hesabu ya kutoa,
tukamalizia na misumari yangu:
ishirini na mbili, ondoa tisa,
ondoa na ule uliopinda.

Usiku, simu juu ya kopo, sauti ya mama yao ikikatika:
"Gawa katikati. Nyoosha, kama barabara ya uwanja wa ndege.
Sasa shika nyuzi tatu. Tatu, baba Kavira. Hizo ni nne."
Mistari yangu haikunyooka. Ilishuka kichwani
kama lava ya elfu mbili na mbili,
ikikata ilipotaka, ikiacha nyumba hii, ikimeza ile.
Jirani alicheka mpaka barakoa ikamdondoka.
Kavira akamwambia, "Ni mtindo."

Muhindo alijitengenezea bunduki ya kupima homa
kwa kipande cha mbao yangu.
Akanisimamisha mlangoni, mkono umenyooka:
"Simama. Lete paji."
Magoti yangu yakakumbuka barabara ya Sake,
mwaka mwingine, kijana mwingine,
chuma kwenye paji hili hili.
Nilifumba macho.
"Thelathini na sita," akasema mwanangu. "Uko mzima. Pita."

Nikapita.

Walipofungua, mama yao alirudi amekonda,
vidole vimechubuka kwa kufua nguo za watu.
Watoto hawakumkimbilia. Waliikimbilia ndoo.
Wakanawa hadi viwikoni, Kavira akihesabu,
na Muhindo akamlengea mbao yake.
Alilia akiwa amesimama wima, akisubiri namba.

Jumamosi alitandika mkeka, akatoa kitana,
akapanua magoti.
Kavira alikuja, akampita,
akaketi kati ya magoti yangu,
shingo imeinama tayari, kama desturi.

Hakuna aliyesema kitu.
Mafuta ya mawese yalinguruma jikoni.
Mke wangu alitazama mikono yangu
kama anayehesabu chenji iliyorudi pungufu.
Nikachukua nyuzi tatu. Nikaanza.
Mstari wa kwanza, wa pili.

Akasogea karibu, goti lake likagusa langu.
"Hapo sikioni," akasema, "umekaza mno.
Legeza."