Robo ya Kosa

Fomu imeniachia mistari mitatu:
Eleza jinsi jeraha lilivyoathiri maisha yako.
Nimesimama kwenye kaunta ya posta, Llanelli,
kalamu ya kuazima imefungwa kwa mnyororo.

Nianzie wapi?
Niseme mguu wa kushoto ndio uliofunga mlango wa friji
mikono ikiwa imejaa mayai?
Ndio uliopima maji ya kuogea ya Elin alipokuwa mchanga,
ndio uliokanyaga klachi ya gari la mikate miaka tisa,
ndio ulioutafuta mguu wa Ifor chini ya blanketi
usiku tuliogombana, ukaupata, ukatulia hapo,
tukaamka tumeshapatana bila neno.
Nikaandika: Natembea kwa shida.

Ilikuwa Jumanne, ghala la samaki wa barafu,
saa kumi na moja alfajiri.
Foklifti ilirudi nyuma kimya.
King'ora chake cha kurudi nyuma kilikatwa waya mwezi Machi
kwa kuwa kelele iliwasumbua wa ofisi ya juu.
Gethin, miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa usukani.
Alilia kuliko mimi. Mimi nililitazama buti langu tu,
nikishangaa lilivyokuwa bapa,
kama bahasha.

Kumbe mguu una bei.
Wakili wangu, Bi Prothero, ana kitabu:
kidole gumba kiasi hiki, vidole vidogo kiasi kile,
kisigino kina ukurasa wake peke yake.
Aliweka rula chini ya mstari kama muuza nyama mtaratibu,
akaniuliza: Maumivu ni ya usiku, au hata mchana?

Bima wakajibu: Alipaswa kugeuka na kutazama.
Robo ya kosa ni yake.

Usiku ule niliulaza mguu juu ya mto, nikaugawa.
Robo yangu ni ipi? Kisigino?
Ukingo huu usiohisi soksi?
Na robo tatu zenu,
mbona zimelala kitandani kwangu?

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.
Kampuni iliushika usemi huo kama sala:
kidole kikawa changu, ulimi ukawa wao.
Hakuna aliyesema pole.
Meneja Havard nilikutana naye dukani, kwenye rafu ya chai,
akafungua mdomo, akaufunga,
akachukua pakiti iliyokuwa karibu, akaenda.
Pole ni kukiri.
Pole ni ghali kuliko kidole gumba.

Walichosahau ni karatasi.
King'ora kile nilikiripoti mara tatu,
na daftari la hitilafu lilipopotea
(lilipotea wiki ile ile ya ajali, masikini)
nakala zangu za kaboni zilikuwa kwenye kopo la biskuti
chini ya vifungo vya mama,
tarehe juu, sahihi ya Havard chini,
rangi ya samawati, hafifu, inasomeka.
Bi Prothero alizinusa, zilinuka tangawizi,
akacheka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Wakalipa. Robo ya kosa ikafutwa.
Barua ikasema: bila kukiri lolote.
Nikalipa gesi, nikalipa deni la Ifor kwa kaka yake,
nikanunua viatu, jozi mbili za aina moja,
maana mguu wa kushoto sasa unadai saizi sita
na wa kulia umebaki na tano yake.
Muuzaji alidhani nimekosea.

Kwa hiyo kabatini kuna kiatu cha kushoto cha tano
na cha kulia cha sita, vipya, vimejazwa karatasi,
jozi ya mtu ambaye hayupo.
Elin anasema nivitupe.
Jumapili Gethin alikuja kunipigilia rafu, akaviona.
Alivishika kwa muda mrefu, kimoja kila mkono,
kisha akavirudisha ndani ya boksi
polepole.