Upande Huu Hakuna Kona

Baba alikuwa karani wa kijiji, kalamu nyuma ya sikio.
Alichoniachia ni ramani:
karatasi ya buluu iliyokunjwa mara nane,
mikunjo imetoboka,
ukiiinua dirishani jua linapita
pale palipoandikwa *duka la ushirika*.

Bwana Mipango alitoka Nachingwea na rula.
Akashuka kwenye lori, akakung'uta vumbi,
akachora Namkonda yetu kwa siku moja na nusu:
hapa shule, hapa zahanati, hapa bomba
(maji yalikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili,
ila kwenye karatasi yalikwishafika),
hapa kiwanja cha mpira, magoli yakitazamana,
hapa, kwa nukta nukta, *upanuzi wa baadaye*.
Kila kaya ekari moja. Hakuna wa juu, hakuna wa chini.
Hata vyoo vilipewa namba.

Shangazi Nanjowa alitazama, akatema ugoro.
"Pepo ya kwanza ililetwa na Wazungu kwa reli," akasema,
"karanga, karanga, matrekta usiku kucha.
Karanga zikakataa. Reli ikang'olewa.
Mlango wangu umesimama juu ya mataruma yao.
Hii ya pili tutaona itatuachia nini."
Lakini naye alihama. Wote tulihama,
mikorosho ikabaki mahame ikiangushia nyani.

Nisidanganye: nilisoma kwenye shule ile.
Herufi yangu ya kwanza niliichora mchangani
mahali ambapo rula ilisema patakuwa na darasa,
na darasa likawapo, tukalijenga kwa udongo na nyimbo.
Kuna jioni watu walikula sufuria moja
na hakuna aliyehesabu vijiko.

Mwezi wa tatu akafa mtoto wa Somoe Mchopa.
Homa, siku mbili tu.
Sanda ilitoka dukani kwa mkopo.
Wanaume wakasimama na majembe, wakamngoja Baba,
naye akaikunjua ramani juu ya baiskeli,
akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari,
shule, zahanati, ghala la mbegu,
akaigeuza nyuma kama aliyepoteza senti.
Hapakuwa na makaburi.
Katika kijiji kile hakuna aliyepangiwa kufa.

"Tuulize wilayani," Baba akasema,
na hadi anazeeka aliona haya kwa neno hilo.
Somoe hakupaza sauti.
"Wilaya ina miguu mirefu, bwana karani,
lakini mwanangu hawezi kuingoja."

Wakamzika pembeni mwa kiwanja,
kwenye kona ya mashariki, ardhi ilikuwa laini.
Usiku Baba akachukua penseli, si kalamu,
akaweka nukta moja.
Bomba lilikuja, likatoa maji mwezi mmoja, likakauka.
Zahanati ilihamia Mnolela na bati zake.
Nukta ipo palepale.

Mimi leo nafundisha uraia, Kidato cha Pili.
Juzi Likwata, yule mdogo mbishi, kanyosha mkono:
"Mwalimu, jamii kamilifu inawezekana?"
Kitabu kina jibu, mistari mitano, na alama mbili.
Nikamwambia nitamjibu Jumamosi, aje mpirani.

Jumamosi tulicheza na vijana wa Ruangwa.
Beki wetu akautoa mpira nje, upande wa mashariki.
"Kona!" wageni wakapiga kelele.
Refa, kijana wa miaka kumi na saba,
akautwaa mpira, akavuka nao hadi upande wa pili.
"Upande huu hakuna kona."
"Sheria gani hiyo?"
"Ya hapa."
"Kwa nini?"
Akainua mabega. Hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia;
alikuta kaka zake wanavuka, naye akavuka.

Likwata alinitazama, akasubiri nieleze.
Nami nilikuwa nikitazama pale kwenye majani marefu
ambako hakuna mguu uliowahi kukimbilia.
Wageni walinung'unika kidogo,
kisha wakapiga kona yao kutoka magharibi.
Wakafunga.
Tukafungwa moja bila, na jua lilikuwa kali.