Kikohozi cha Fundi

Mvua ya Tukuyu haiulizi mwezi.
Ikipiga upande, fundi Ambindwile
aliburuta cherehani ndani hatua moja,
mimi na daftari hatua mbili,
maana daftari likilowa
mji mzima unabaki uchi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika.
Yeye alizungusha futi, akataja;
mimi niliandika alichotaja
na ambacho hakutaja.
Bega kumi na saba. Mkono ishirini na nne.
Jina juu, siku ya ahadi chini,
pembeni hela aliyotanguliza mtu, kama ametanguliza.

Siku ya kwanza alinifundisha jambo moja tu:
nikikohoa mara moja, ongeza mbili.
Nikikohoa mara mbili, ongeza nne,
na usinitazame.

Basi mama Tumwitike wa maparachichi
akavua kanga ya kwanza, ya pili, sweta,
akavuta pumzi akaifungia ndani
kama kuku wa jirani,
akasikia kiuno chake kikitajwa thelathini na sita
mbele ya wasichana watatu waliojikinga mvua.
Kikohozi.
Kikohozi.
"Kifua hicho, fundi, kanywe tangawizi,"
akasema, akaondoka amenyooka,
na gauni la harusi ya mdogo wake
lilimkaa kama maji kwenye mtungi.
Hatukumdanganya.
Kitambaa kiliujua ukweli,
na kitambaa hakina mdomo.

Kisha akaja mwalimu Lwitiko.
Nikafungua ukurasa wake wa miaka miwili nyuma:
kifua arobaini na mbili.
Fundi akazungusha futi. Futi ikapita,
ikalegea, ikapita tena,
ikimtafuta mtu ndani ya shati.
Kalamu yangu ilikuwa juu, inangoja.
"Arobaini na mbili," fundi akasema,
"kama kawaida yako, mwalimu."
Nikasubiri kikohozi. Hakikuja.
Kwa kupungua
hatukuwa tumewekeana alama.

Mwalimu akafunga vifungo, akaruka kimoja,
akauliza kama Ijumaa itawezekana.
Alipovuka barabara na mwavuli wake
fundi akashika kifutio mwenyewe,
akafuta mpaka karatasi ikaota manyoya.
Thelathini na tano.
"Ila ndani acha kitambaa," akaniambia,
"inchi tatu kila ubavu.
Mwili ni kama mgeni, unaweza kurudi."
Bitana tuliweka nzuri kuliko aliyolipia.
Ijumaa alikuja binti yake kulichukua.
Koti lile
halikuletwa tena kufumuliwa.

Siku hizi cherehani ni yangu kwa kazi,
yake kwa jina.
Anakaa na blanketi magotini, kisogo kwangu,
na kwa sauti tu anajua
sindano imeanza kuwa butu.
Jana akasimama.
"Nipime. Suti ya kijivu, ya kanisani."
Akatanua mikono
kama alivyowaamuru watu miaka arobaini,
na mimi nikapita nyuma yake na futi.
Harufu ya chaki. Harufu ya mkaa wa pasi.
Vidole vyangu vikakutana kifuani kwake
mapema mno.

Mtoto wa kuandika alikuwa tayari,
ncha ya ulimi nje kama mimi zamani.
Nikataja namba ya daftari la zamani.
Niliitaja kwa sauti kavu,
nikaanza kukunja futi haraka, kama mwizi.

Mvua ikalipiga bati, ikaacha, ikapiga.
Fundi hakugeuka.
Akakohoa mara moja, polepole,
kisha akamwambia mtoto:
"Andika alichosema huyu.
Ukimaliza, mpe kifutio."