Hengindea

Wodi ya watoto, Bugando.
Daktari mgeni alinishika bega akasema
neno moja refu, kama jina la kijiji cha mbali:
hengindea.
Akatabasamu. Nami nikatabasamu,
kama unavyomchekea aliyekupa chenji pungufu
na nyuma yako foleni inakohoa.

Nikalipandisha Bugarika, lisinidondoke,
jiwe kwa jiwe, ndoo kichwani,
hengindea, hengindea,
hadi kwa Lubango wa jirani, kidato cha pili,
mwenye kamusi isiyo na jalada.
"Mama Minza, si neno moja. Ni matatu."
Akafuata mstari kwa kidole.
"La kwanza, nyonga."
Akanyamaza. "Au ning'inia.
La pili, ndani. La tatu, pale."

Tukatazamana.
Mwanangu ana mpira puani,
na msomi mzima ananiambia nikajinyonge?

Sikulala. Nilishona sare za watu hadi umeme ukakatika,
nikashona kwa mshumaa, pindo likaenda kombo.
Alfajiri nikatoka kumwaga maji.
Kwenye jabali, pale nyumba ya Kasubi ilipojibanza
kama kupe sikioni mwa ng'ombe,
pimbi alikuwa ameng'ang'ania ukingo.
Upepo wa ziwa unamvuruga manyoya.
Chini yake hewa tupu, kisha bati la mtu.
Hakuwa amenyongwa.
Wala hakuwa anavumilia.
Alikuwa ameshika.

Vumilia nalijua.
Nilipewa siku ya harusi, pamoja na vikombe sita.
Nikapewa tena msibani, kwenye jamvi,
na wanawake wakinipapasa mgongo.
Vumilia halina mikono. Linakaa tu.
Mvumilivu hula mbivu, wanasema,
ila hakuna aliyewahi kuniambia
anakula nini kabla hazijaiva.

Hili la daktari lina vidole.

Usiku wa tisa, saa nane,
nilimkuta kwenye dirisha la korido, peke yake.
Kule chini taa za dagaa zilitapakaa majini.
Kitanda namba nne kilikuwa kimetandikwa shuka jipya;
mama yake ameshuka ngazi
na kanga ya kubebea, imekunjwa.

Pole ya kwao sikuijua.
Nikamshika bega.
"Hengindea," nikamwambia.

Akageuka, macho mekundu,
akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
"Wewe najua maana?"

Sikumjibu kwa kamusi.
Nilishika ukingo wa dirisha
hadi kucha zikawa nyeupe.
Akatazama. Akaweka mkono wake kando ya wangu,
naye akashika.

Nyuma yetu mashine ya Minza ikapiga,
ikasita,
ikapiga.