Fundi wa Pau

Mikono hii imeezeka nusu ya Majengo.
Nani alipandisha pau za kanisa letu
baada ya moto wa mlima kupita,
mawe bado yakichoma soli za viatu?
Mimi. Na nikiwa na misumari midomoni
sikuweza kusema uongo.

Uongo ulianza Birere, nyuma ya duka la makaa la Kambere,
kwenye kreti ya bia iliyopinduliwa,
taa ya chaji ikining'inia kwenye waya.
Siku ya kwanza nilikula franka elfu tisini.
Nikampelekea Masika kitenge.
Akacheka, akauliza ni kazi ya nyumba ya nani.
Ya tajiri mmoja wa Himbi, nikasema.
Tangu siku ile nimemjengea yule tajiri
ghorofa saba, kwa mdomo.

Lugha ilinionya, sikuisikia.
Karata yenye moyo mwekundu tunaiita kopa.
Basi nikakopa:
kwa Kambere, kwa riba ya kesho ambayo haiishi,
kwa shemeji, kwa muuza misumari,
kwa mama wa likelemba, nikisema Masika anaumwa,
naye Masika yuko sokoni, mzima wa afya,
anapima sambaza kwa kikombe.

Zamu yake ilipofika
wanawake kumi na wawili walihesabia noti juu ya mkeka wetu.
Dola mia mbili na arobaini.
Mvua ya mwaka huu haitatukuta, alisema,
akazizika ndani ya gunia la mchele.

Sikuiba usiku.
Niliiba saa nne asubuhi, jua limewaka, watoto wako shule,
nikafunga mlango vizuri
kama mtu anayekwenda kazini.

Mcheza kwao hutuzwa, wanasema.
Nilicheza mpaka pasiwe na kwangu.

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Noti ya mwisho ilipoliwa sikusikia uchungu.
Nilisikia wepesi,
kama mtu aliyetua bidoni la maji mlangoni:
sasa hakuna cha kulinda.
Na kabla sijafika barabarani
nilikuwa nimeshapiga bei ya msumeno, ya randa,
ya nyundo ya marehemu baba.

Shupaza ni shingo yangu.

Januari nilipanda juu ya nyumba yangu mwenyewe
kung'oa pau mbili za upande wa jikoni.
Zimeoza, nilimwambia Masika, nakwenda kuzibadilisha.
Zilikuwa mkaratusi mkavu, zingetuzika sote.
Akaacha sufuria motoni, akaja
akashika ngazi
nisianguke.

Nilizibeba begani hadi Birere.
Kambere alizigonga kwa kidole, akasikiliza,
akagawa karata.
Pau juu ya pau; hata yeye alicheka.

Uru peke yake haina neno la pili. Nimelitafuta.
Usiku, bati la jikoni limebonyea,
naangalia wingu jekundu la mlima kupitia upenyo
na nasikia Masika hajalala,
anahesabu kitu, sijui nini, kwa pumzi.

Jana Tuombe alipekua koti langu
akapata nne ya uru.
Akaibandika kwa uji kwenye boksi la viatu:
madirisha manne mekundu, nyumba ya mwanasesere wake.
Haina paa, baba. Wewe ndiye fundi. Niwekee pau.

Nikachukua kiberiti, nikakata vichwa vya njiti,
kumi na mbili, urefu sawasawa,
bila kipimo, kwa jicho tu, jicho bado lipo.
Nikazipanga kiganjani.
Mtoto akasogea, akangoja.

Na mkono, mkono huu,
ukataka kwanza
kuzichanga.