Mshika Mbili

Godauni hili la Shimanzi lilikuwa la majani ya chai.
Mpaka leo, kipoza hewa kikikohoa,
harufu kavu hushuka kutoka darini
juu ya makabati kumi na mawili ya seva
yasiyojua chai, wala kulala.

Nimepiga magoti nyuma ya kabati la saba,
tochi mdomoni. Waya nyekundu kushoto,
ya buluu kulia. Kila seva ina mikia miwili:
mmoja ukikatika, mwingine ubebe.
Ndivyo tulivyomwandikia mteja, tukatia muhuri.

Mhasibu wetu, Bwana Mghanga, huuliza kila mwezi:
"Hii ya buluu inafanya kazi gani?"
Inangoja.
"Tunailipa kungoja?"
Naam.
Hufunga daftari. "Mshika mbili, moja humponyoka."
Ndivyo hasa, bwana.
Ndiyo sababu nimeshika mbili.

Ila kushika pekee hakutoshi.
Ampea kumi na nane huku, kumi na nane kule,
taa zote kijani, wageni wakipita wanasema mashallah.
Siku moja ikianguka, mwenziwe hurithi thelathini na sita,
na fyuzi yake ni ya thelathini na mbili.
Fyuzi haina ujirani.
Nimepiga mstari kwa wino mzito: kumi na mbili, basi.
Kila waya iishi kama itakayofiwa.

Sasa nainua kigae cha sakafu.
Nafuata nyekundu. Nafuata buluu.
Zinapita vumbi la chai, mzoga wa mjusi,
nati iliyoliwa na chumvi,
zinapinda pamoja, zinapanda pamoja,
zinaingia ubao mmoja.

Narudia tena kwa kidole, polepole.
Ubao mmoja.
Miaka mitatu tumewalipia mapacha,
kumbe ni mtu na kivuli chake.

Mwezi jana kunguru alitua kwenye transfoma ya barabarani,
akawa mkaa, mtaa ukazima.
Jenereta iliitika sekunde ya tisa.
Tulipigana viganja, tukanywa soda.
Laiti angejua njia ya kuingia ndani,
akatua hapa ninapoweka mkono.

Naandika: ubao wa pili, ukuta wa pili,
njia isiyokutana na ya kwanza hata chooni.
Najua Mghanga atauliza bei kabla ya kuuliza kwa nini.

Nyumbani Kisauni soketi nzima ni moja.
Ina friji, na ndani ya friji mna insulini ya mama.
Lakini pembeni, kwenye kivuli cha mlango wa uani,
kuna mtungi anaoujaza maji kila alfajiri,
tokeni ziwepo zisiwepo,
na kikopo kitupu kikielea ndani,
kikingoja.
Nilikuwa nikimcheka.
Mtungi ule haujui umeme hata kwa jina.