Saa ya Wapi

Daktari Raisa aliniuliza, "Unameza saa ngapi?"
Nikasema, saa tatu usiku.
"Ya wapi?"
Nikanyamaza.

Miaka minne nahudumu behewa la saba,
Vladivostok kwenda Moscow, Moscow kurudi,
na saa ya kila stesheni husoma Moscow
hata pale ambapo watu wameshazima taa.
Tumbo langu likiwa saa tatu ya Ulan-Ude,
ukuta unadai ni saa kumi jioni.
Kidonge kimwamini nani?

Nilijaribu, msidhani sikujaribu.
Nilificha pakiti ndani ya kopo la sukari,
nikajiandikia kwa wino kiganjani,
nikameza kwa chai ya abiria aliyeshuka bila kuinywa.
Krasnoyarsk nilimeza viwili.
Omsk sikumeza,
mlevi wa kitanda cha juu alitapika korido nzima
na ndoo ilikuwa mkononi mwangu hadi alfajiri.
Mwezi ule damu ilichelewa siku kumi na moja.
Siku kumi na moja nilihesabu nguzo za umeme.

Klavdia wa behewa la tano ana kitanzi cha shaba.
"Miaka tisa!" husema, akigonga meza.
"Kimetulia kama sarafu mfukoni. Kaweke hichohicho."
Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hedhi ya Klavdia ni siku tatu, tone kwa tone.
Yangu ni mafuriko ya wiki nzima,
na choo cha treni hufungwa
kabla ya kila mji mkubwa,
na funguo ninazo mimi,
na sheria naijua mimi,
nami husimama pale nimebana miguu
nikiwaambia abiria, "Subirini."
Shaba, asema daktari, yaweza kuongeza damu.
Basi shaba ni ya Klavdia.

Sindano? Kila miezi mitatu, mlango uleule wa kliniki.
Wiki hiyo huenda nikawa Perm,
huenda theluji imefukia reli.
Vijiti vya mkononi nilivitazama sana,
vyembamba kama njiti za kiberiti.
Nikasema, sitaki kitu nitakachokipapasa
kila ninapobeba magodoro.
Labda ni sababu ya kipuuzi.
Daktari hakucheka. Aliiandika.

Zorikto alikaa kando yangu, kofia magotini.
"Sisi tunataka mtoto wa kiume," akasema, "ila si sasa."
Daktari akamwomba asubiri nje.
Mlango ulipofungwa aliniuliza upya swali lilelile,
ila *ninyi* likawa *wewe*.

Nilitazama dirishani. Mto Selenga umeganda,
mtoto anaburuta mfuko wa shule juu ya barafu.
Nikasema: sijui.
Yanzhima wangu ana miaka sita, analelewa na bibi yake,
hunipigia simu kuuliza kama huko niliko ni leo au jana.
Labda nitataka mwingine.
Labda huyu atatosha.
"Sijui nalo ni jibu," akasema Raisa.
"Tutafute kinachoweza kungoja,
na cha kutolewa siku utakayojua."

Kwa hiyo ni kitanzi kingine, cha plastiki, chenye homoni kidogo.
Wengi huwapunguzia damu,
ingawa miezi ya mwanzo huleta matone yasiyofuata ratiba.
Hilo aliniambia.
Aliniambia pia hakizuii magonjwa, kondomu ina kazi yake.
Kiliuma, nisiseme uongo,
kama kubanwa kidole na mlango wa behewa.
Zorikto alininunulia maandazi ya nyama matatu,
akala mawili.

Jana usiku, tumeshapita Chita,
mwanajeshi kijana alichungulia chumba changu.
"Mama, saa ngapi?"
Nilikuwa nimevua viatu,
nakunywa chai yangu mwenyewe, ya moto.
"Ya wapi?" nikamuuliza.
Akafikiri, akajikuna kichwa, akarudi kulala.
Nami sikuinuka kwenda kutazama.